Maswali na Majibu: Bolingi ya Wanawake wa Kulipwa

Safari hii nimeyakusanya maswali yenu yote ya bolingi. Mengi yanahusu PWBA, chama cha wanawake wanaocheza bolingi ya pini kumi kwa kulipwa kule Marekani, na yameulizwa na watu walioutazama mchezo huu mara moja mbili wakavutiwa, ila wakabaki na dukuduku. Nimefurahi mno. Kwa miaka mingi nilidhani niko peke yangu.

Shikamoo dada. Nimemwona mchezaji anaangusha pini zote kumi, lakini ubaoni hakuandikiwa alama yoyote. Mashine ilikosea? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Mashine iko sawa, inasubiri tu. Ukiangusha zote kumi kwa mpira mmoja, hiyo ni straiki, na thamani yake ni kumi pamoja na pini utakazoangusha kwa mipira miwili inayofuata. Tuseme fremu ya kwanza amepiga straiki, ya pili akaangusha saba kisha mbili. Fremu ya kwanza itaandikwa 19, ya pili 9, jumla 28. Akizimaliza zote kumi kwa mipira miwili, hiyo ni speya, na anaongezewa mpira mmoja unaofuata. Mchezo una fremu kumi. Straiki kumi na mbili mfululizo zinakupa 300, na hakuna alama zaidi ya hapo.

Ukishalielewa hili utaona kwa nini anayeongoza kwa pini ishirini katika fremu ya nane hajatulia hata kidogo. Straiki zikifuatana zinabebana, na mpinzani akipiga tatu mwishoni hesabu yote inageuka.

Kwa nini hawa akina dada wanabadilisha mipira kila mara, na wanahamahama pa kusimama? Njia si ni ileile? (Fundi wa magari, Mwanza)

Fundi, hapa ndipo penye mchezo wenyewe, kwa hiyo naomba uvumilivu.

Njia ya bolingi ina urefu wa mita 18.29 kutoka mstari wa faulo hadi pini ya mbele, na upana wake unahesabiwa kwa mbao 39. Kabla ya mchezo, mashine hupita juu yake ikipaka mafuta mepesi sana. Mafuta hayafiki mwisho. Huishia mita kumi hadi kumi na nne hivi kutoka mstari wa faulo, kutegemea mchoro uliochaguliwa kwa mashindano hayo, na sehemu iliyobaki ni kavu. Kwenye mafuta mpira unateleza. Ukifika pakavu unashika, unapinda, unaingia kati ya pini namba 1, ile ya mbele, na namba 3 iliyo nyuma yake kulia, kama mchezaji anatumia mkono wa kulia. Hapo ndipo kila mmoja anapopataka.

Katika kumbi za starehe mafuta huwekwa mengi katikati na kidogo pembeni, ili ukikosea mpira urudi wenyewe. Wanawake wa PWBA hawapewi upendeleo huo. Mafuta yao yametandazwa karibu sawasawa, kwa hiyo kosa la mbao mbili linatosha kukunyima straiki.

Sasa fikiria kila mpira unaopita unaondoka na mafuta kidogo. Baada ya michezo miwili, pale ulipokuwa unateleza vizuri pamekauka. Mpira unaanza kupinda mapema na kugonga pini ya mbele usoni, na pini zinabaki zimegawanyika huku na huku. Mchezaji mzuri haingoji hasara hiyo. Akiona mpira umeisogelea pini ya mbele kidogo tu kuliko uliotangulia, anahama. Mtazame miguu, usitazame pini. Anasogeza kiatu mbao mbili kushoto, jicho nalo linahamia mbao moja, anaachia. Haikutosha? Anachukua mpira wenye uso laini zaidi, ambao hauna haraka ya kushika. Mafuta hayaonekani kwenye kamera, na hata yeye hayaoni. Anayasoma kwa mwenendo wa mpira peke yake, huku wenzake wa njia ileile nao wakiyafuta kila dakika.

Kuna mpira mmoja ambao haubadilishi kazi: ule wa plastiki. Huo hauna tabia ya kupinda, na huutumia kumalizia pini iliyobaki, hasa namba 10 iliyo kwenye kona ya kulia. Mashabiki wengi huenda kutafuta chai wakati wa speya. Mimi nawasihi mkae. Katika wiki ya mashindano, anayekosa speya tatu nyepesi mara nyingi ndiye anayeikosa fainali kwa pini chache.

Kaka yangu anasema bolingi ya wanawake ni ya watu wasioweza kushindana na wanaume. Nimjibu nini? (Mwanafunzi, Eldoret)

Mjibu kwa tarehe. Januari 24, 2010, Las Vegas, fainali ya Mashindano ya Mabingwa ya PBA, yaani ziara ya wanaume (ziara ni msururu wa mashindano ya kulipwa ya msimu). Kelly Kulick kutoka New Jersey alikutana na Chris Barnes, mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake. Kulick 265, Barnes 195. Hiyo ni tofauti ya pini sabini, tena katika mashindano makubwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa taji la ziara hiyo.

Kabla yake, mwaka 2005, Liz Johnson alikuwa mwanamke wa kwanza kufika fainali ya runinga ya PBA. Alimtoa Wayne Webb kisha akafungwa na Tommy Jones. Hakuishia hapo. Mwaka 2017 alirudi akashinda Chameleon, taji jingine la PBA, kwa kumfunga Anthony Simonsen, kijana aliyekuwa ameshachukua ubingwa wa Masters, mojawapo ya mashindano makubwa, akiwa na miaka 19.

Akitaka ya zamani zaidi, mtajie Marion Ladewig wa Grand Rapids, Michigan. Katika mashindano ya All-Star ya mwaka 1951 alicheza michezo minane kwa siku moja: 255, 279, 247, 227, 247, 224, 255, 247. Jumla 1,981, wastani unaozidi 247. Siku ile hakuna aliyemfikia, wanaume wakiwemo, na mipira ya wakati ule ilikuwa ya raba ngumu, haina ujanja wa mipira ya leo inayoshika na kupinda.

Ni kweli kwamba wanaume wengi huzungusha mpira kwa kasi kubwa zaidi, na mizunguko hiyo husaidia kuangusha pini. Hilo silikatai. Ndiyo maana mwanamke anayefika 230 kwa usahihi tu namheshimu sana: amefika bila nguvu ya kumfunikia makosa. Mwambie kaka yako atazame mchezo mmoja mzima, halafu mzungumze.

Nimesoma kwamba ziara hii iliwahi kufa. Ilikuwaje? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo, ilikufa, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Wanawake walianza ziara yao mwaka 1960, na Ladewig ndiye aliyeshinda mashindano ya kwanza. Miaka ya themanini na tisini ilistawi. Lisa Wagner alikusanya mataji 32, Aleta Sill 31, na Sill akawa mwanamke wa kwanza kuvuka dola milioni moja katika zawadi. Kisha pesa zikakauka, na mwaka 2003 ziara ikafungwa msimu haujaisha. Kuna wanawake waliokuwa kileleni kabisa mwa uwezo wao ambao waliamka hawana pa kucheza. Wengine walirudi kwenye kazi za kawaida.

Katika pengo hilo PBA iliwaandalia mashindano machache kati ya 2007 na 2010, nayo yakakoma. Queens, mashindano makubwa ya wanawake yaliyoanza 1961, yaliendelea. Mwaka 2015 shirikisho la bolingi la Marekani, USBC, pamoja na chama cha wenye kumbi, waliifufua PWBA. Rudi sasa kwenye ushindi wa Kulick wa 2010: alimfunga bingwa wa wanaume wakati wanawake wenyewe hawakuwa na ziara yao. Kila nikiurudia mchezo ule nalikumbuka hilo.

Liz Johnson naye aliisubiri miaka kumi na miwili yote. Ziara iliporudi akawa mchezaji bora wa mwaka 2015, 2016 na 2017.

Mchezaji aliyeongoza siku zote alipoteza mchezo mmoja tu wa mwisho akanyimwa ubingwa. Huu si uonevu? (Mwalimu, Zanzibar)

Mwalimu, huo ndio mfumo wa ngazi. Baada ya michezo mingi ya kufuzu, mara nyingi watano wa juu hubaki. Wa tano hucheza na wa nne, mshindi hukutana na wa tatu, na kuendelea hadi kumfikia wa kwanza, ambaye anacheza mchezo mmoja pekee. Faida yake ni kwamba anahitaji ushindi mmoja tu. Hasara yake, na mimi naiona kubwa, ni kwamba anaingia baridi, wakati mpinzani ameshazisoma njia zile kwa michezo kadhaa.

Kwa runinga ni mfumo mtamu. Kwa haki, sidhani. Nikitaka kujua nani bora msimu huu, situmii orodha ya mataji pekee; natazama nani anafika tano bora mara kwa mara.

Nianze kumfuata nani? (Msomaji, Dubai)

Anza na Shannon O'Keefe. Alitokea kwenye softiboli, akachelewa kuingia bolingi, na bado akawa mchezaji bora wa mwaka 2018 na 2019. Mapigo yake ni tulivu. Pia ni kocha pamoja na mumewe Bryan: waliiongoza timu ya chuo cha McKendree kutwaa ubingwa wa vyuo, wakahamia chuo cha Jacksonville State, na timu hiyo mpya ikashinda ubingwa mwaka 2024 katika msimu wake wa kwanza.

Ila usiidhanie kuwa ziara ya Wamarekani tu. Clara Guerrero ametoka Kolombia, Verity Crawley Uingereza, Dasha Kovalova, aliyeshinda Queens mwaka 2019, ni wa Ukraine. Singapore ndiyo inayonishangaza zaidi: kisiwa kidogo, lakini Cherie Tan, Shayna Ng na New Hui Fen wote wamesumbua vigogo. Nawe uliye Dubai una bahati, kwa kuwa mashindano ya dunia ya 2021 yalichezwa hapo hapo mjini kwenu, na ukumbi wa kimataifa upo.

Naona fainali huwa usiku wa manane. Kuna namna? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hakuna namna ya kuikwepa saa. Msimu huchezwa zaidi miezi yao ya joto, na wakati huo New York iko nyuma yetu kwa saa saba, Texas nane. Mchezo wa saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku. Michezo ya kufuzu huanza asubuhi yao, kwa hiyo kwetu ni mchana au jioni, na huonyeshwa kwenye BowlTV, huduma ya mtandaoni ya USBC. Kama huwezi kukesha, tazama kufuzu, na fainali uitazame kesho yake. Funga simu usije ukaambiwa matokeo.

Dada, tunaishi Columbus, Ohio. Binti yetu ana miaka 13 na anapenda kucheza. Tumpeleke kuangalia? Na hii ina faida yoyote ya shule? (Mama na baba)

Mpelekeni bila kusita. Mashindano haya huchezwa katika kumbi za kawaida za mitaani, si viwanja vikubwa, na mtu anaweza kusimama hatua chache nyuma ya bingwa wa dunia akasikia anachomwambia kocha wake. Nendeni siku za kufuzu, maana fainali hubana watu. Chagueni mchezaji mmoja, mfuateni kutoka njia hadi njia kwa kuwa wanahama baada ya kila mchezo, na mwambieni binti aandike kila mara mchezaji anapobadilisha mpira au kusogea. Kabla ya mashindano mara nyingi huwa na siku ya kucheza pamoja na mabingwa, na vijana hukaribishwa. Ulizeni ukumbini mapema, nafasi huisha.

Kuhusu shule: ndiyo, ipo. Bolingi ya wanawake ni mchezo wenye ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, tangu mwaka 2004, na vyuo kadhaa hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Chuo cha Nebraska kimeshinda ubingwa huo mara nyingi kuliko wote. Akifika sekondari ya juu, mwandikieni kocha wa chuo mnachokipenda moja kwa moja na mumtumie video yake akicheza, ikionyesha speya pamoja na straiki. Na kwa sasa msimnunulie mpira mzito kwa sababu mabingwa wanautumia. Mpelekeni kwenye duka la ukumbini apimwe vidole na kutobolewa mpira wa uzito wake, kwa sababu mpira usiomkaa mkononi utamfundisha kuubana, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuitoa.