Cheo Changu Huku Uingereza: Jibu kwa Baba Mdogo

Baba Mdogo, shikamoo. Nimeletewa habari kwamba katika arusi ya juzi pale Makorora ulitangaza mbele ya watu kuwa mimi sasa ni bosi wa Wazungu, na kwamba binti yako, anayesimamia wenzake katika ofisi moja bandarini Tanga, anachelewa bure kuja huku, kwa kuwa uongozi ni uongozi popote mtu aendapo. Sasa unanitaka nithibitishe kwa maandishi ili mama yake aache ubishi. Nakuheshimu kama baba yangu mzazi, na kwa heshima hiyohiyo sithibitishi.

Cheo ninacho, sikatai. Mimi ni kiongozi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leeds. Kuanzia saa mbili usiku funguo za kabati la dawa zinaning'inia shingoni mwangu, na mimi ndiye ninayeamua nani amgeuze mgonjwa yupi, nani apumzike saa ngapi na daktari apigiwe simu wakati gani. Kazi yenyewe mnaijua, sina haja ya kuieleza. Msichokijua ni kwamba watu huku hawaanzi kukiona cheo. Wanaanza kuniona mimi: rangi, hijabu, na lafudhi ya Tanga ndani ya Kiingereza.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja kumtazama mama yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jalada la dawa mkononi, kitambulisho chenye cheo changu kikiwa kifuani, na kando yangu alikuwapo kijana wa Kizungu aliyekuwa bado anafundishwa kazi. Yule mwanamke akamwuliza kijana kwa nini vidonge vya mama yake vimebadilishwa. Kijana akaona haya, akanionyesha mimi. Mama yule akanitazama, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akamgeukia tena kijana na kurudia swali lilelile. Nikajibu mimi, akamshukuru yeye. Hakunitukana. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza mtu kubaguliwa kazini kwa sababu ya rangi, dini, jinsia, umri na mambo mengine kadhaa, lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu akutazame usoni anapouliza jambo lililo chini ya mamlaka yako.

Binti yako halijui hilo, na si kosa lake. Pale bandarini, kabla hajafungua kinywa, watu wanajua ni mtoto wa nani, amesoma madrasa gani na baba yake huswali msikiti upi. Mpakuzi wa mizigo mwenye umri wako anamtii kwa sababu yeye humwamkia kwanza, naye humwita mwanangu. Nusu ya uongozi wake amekabidhiwa na mji. Akifika huku ataiacha nusu hiyo uwanja wa ndege, na nusu iliyobaki ataanza kuijenga upya.

Tena malezi yetu yenyewe yanaleta mtihani. Katika zamu yangu yumo mama wa Kiingereza aliye makamo ya mama yangu, na mimi sikulelewa kumkaripia mtu mzima mbele za watu. Anapoacha kitanda kikiwa na unyevu mimi humwita pembeni, kwenye chumba cha mashuka, nikamweleza taratibu, naye hurekebisha bila kinyongo. Meneja akaniambia kwamba mimi ni mpole mno kwa kiongozi. Nilipojaribu kusema waziwazi ukumbini, kwa sauti ya kawaida, nikaambiwa kuwa watu wananiona mkali. Mwenzangu Mzungu anayeshika zamu nyingine husema maneno hayohayo, naye husifiwa kwamba anajiamini. Nimerudi kwenye chumba cha mashuka, na sina mpango wa kutoka.

Lakini donda lenyewe ni karatasi. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimefungwa kwa mwajiri wangu; nikiacha kazi, au yeye akipoteza leseni ya udhamini, yaani ruhusa ya kuajiri wageni, kwa kawaida nitakuwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Kiongozi ambaye hawezi kuacha kazi hawezi pia kubisha katika kikao cha mameneja. Wanapopunguza idadi ya wahudumu wa usiku, mwenzangu mwenye pasipoti ya hapa hugonga meza. Mimi huchagua maneno. Na wale walio chini yangu kutoka Nigeria, Zimbabwe na India, wenye kibali kama changu, huniita dada na kutarajia niwape Jumamosi za kupumzika. Nikiwapa, Waingereza wananong'ona kwamba napendelea wageni. Nikiwanyima, naonekana nimewasahau wenzangu. Ratiba ya zamu ni karatasi moja tu, na kila mwezi naiogopa.

Kwa hiyo mwambie binti yako asije. Akishikilia kuja, aje kwa kazi aliyoisomea, kwa sababu mlango wa kazi hii ya kutunza wazee, uliofunguliwa kwa wahudumu wa kawaida mwaka 2022, umefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi tangu tarehe 22 Julai 2025, na tangu Machi 2024 wahudumu wapya walikuwa hawaruhusiwi hata kuja na mume wala watoto. Dalali atakayewauzia cheti cha udhamini wa kazi hii ni mwizi, msiuze shamba la Pongwe ili kumlipa. Asikubali wamkatie jina ili walitamke kwa urahisi. Langu nimewaachia walifupishe, na ukweli ni kwamba nimepumzika kidogo. Avumilie. Asivumilie kila kitu, awe na daftari la kuandika tarehe na saa ya kila dharau. Akili anayo na watu anawaweza, pengine kuliko mimi, na ndiyo maana nasema bandari ya Tanga inamhitaji.

Anipigie mwenyewe Jumapili mchana, maana Jumamosi niko zamu. Nataka kumsikia yeye, si wewe wala mama yake. Fedha za bati nitatuma nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao, kwa kuwa nyongeza niliyopewa kwa ajili ya cheo hiki haitoshi hata nauli yangu ya basi.