Uliza Afande Mstaafu: Mbona risasi ya kwanza inakwenda chini?

SWALI: Shikamoo Afande. Mimi ni mchana mbao hapa Mafinga, nanunua magogo ya Sao Hill. Baada ya kuvamiwa mara mbili nikirudi na fedha za mauzo niliomba kumiliki silaha. Nimezunguka na makaratasi kuanzia serikali ya mtaa mpaka polisi mkoani, na mwezi uliopita leseni ikatoka. Nikanunua bastola CZ 75 B ya milimita 9, mpya kabisa. Nilipofungua boksi nilifurahi kama mtoto wa Krismasi. Chuma kitupu, nzito, ukiishika kiganja kinajaa. Ila kuikoki ni kazi, slaidi yake, kile chuma cha juu cha kuvuta nyuma, haina pa kushika, vidole vinateleza.

Jumamosi nikaenda kiwanja cha shabaha na pakiti moja ya risasi 50, nikasimama mita 10. Kila nikianza magazini, risasi ya kwanza inapiga chini kushoto, karibu shibiri nzima kutoka katikati. Zinazofuata zinakusanyika vizuri, unaweza kuzifunika kwa kisahani cha chai. Halafu mara tatu ganda lilikwama, likasimama wima kwenye dirisha la kutokea. Rafiki yangu mwenye bastola ya Glock 19 alicheka mpaka akakaa chini, anasema nimeuziwa chuma chakavu, niirudishe dukani. Mwingine anasema ni huu mwinuko wetu, hewa nyepesi inayumbisha risasi. Natumia mkono wa kulia, na nimepitia JKT, bunduki si kitu kigeni kwangu. Niirudishe? Na je, naweza kumalizia majaribio nyuma ya mashine yangu, shabaha nikiiegemeza kwenye rundo la magogo?
— Mchana Mbao, Mafinga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kamwene. Usiirudishe, angalau bado.

Tuanze na hiyo hewa, maana ndiyo rahisi kuimaliza. Risasi ya milimita 9, ile ya kawaida yenye uzito wa gramu 8, inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Mita 10 inazimaliza kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na katika muda huo inashuka kama milimita 4. Penseli ni nene kuliko hapo. Wewe unanieleza habari ya shibiri nzima. Mwinuko wa Mafinga umwachie mpishi wa maharage, yeye ndiye unamhusu.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Unasema risasi ya kwanza ya kila magazini ni tofauti na nyingine. Hapo nilivua miwani. Ukiingiza magazini kwenye CZ 75 B na kuvuta slaidi, nyundo inabaki nyuma, na triga inakuwa laini tangu risasi ya kwanza mpaka ya mwisho. Haiwezi kuwa na tofauti. Kama ya kwanza ilikuwa tofauti, basi baada ya kukoki uliishusha nyundo kwa mkono, kidole gumba juu ya nyundo, kidole cha shahada kwenye triga, risasi ikiwa tayari imo chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa kabla ya kupigwa. Sijui nani kakuonyesha. Nadhani ni yule yule mwenye hewa nyepesi.

Acha. Acha leo. Bastola hiyo uliyonunua haina kitenzo cha kushushia nyundo. Ipo ndugu yake, 75 BD, ambayo ina kitenzo cha kazi hiyo, lakini yako ni B, na kile unachokiona ubavuni ni sefti tu, kifungo cha usalama. Kinachozuia nyundo yako isigonge ni ngozi ya kidole gumba. Nilipokuwa kazini, mwaka na kituo nitavihifadhi, mwenzangu alishusha nyundo namna hiyo akitoka kwenye mvua. Kidole kikateleza. Risasi ilitoboa sakafu ya mbao kando ya buti lake la kushoto, na wote tuliokuwemo tukabaki kuangalia kile kitundu kana kwamba kuna kitu kitatoka humo. Alikuwa fundi wa silaha wa miaka mingi, si kuruta.

Ukiwa kiwanjani, baada ya kukoki acha nyundo ilipo. Hupigi sasa hivi? Pandisha sefti, maana CZ hii imeundwa ikubali sefti nyundo ikiwa nyuma, tangu ilipotoka mwaka 1975 kule Chekoslovakia. Umemaliza? Toa magazini kwanza, vuta slaidi risasi ya chemba itoke, angalia chemba kwa jicho, ingiza na ncha ya kidole kidogo uhakikishe, halafu ndipo uishushe nyundo, mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la udongo la kiwanja. Mpangilio ni huo. Ukitanguliza slaidi kabla ya magazini utakuwa umetoa risasi moja na kuingiza nyingine, na utaapa mbele ya mahakama kwamba ilikuwa tupu.

Na hiyo shibiri? Nyundo ikiwa chini, triga inafanya kazi mbili, kuinyanyua nyundo na kuiachia. Safari inakuwa ndefu na uzito unapita kilo 4. Nyundo ikiwa nyuma ni kama nusu yake. Nyoosha mkono wa kulia sasa hivi kana kwamba umeshika bastola, halafu kunja kidole cha shahada kwa nguvu. Umeona vile vidole vitatu vya chini vinavyofuata? Vinakamua mpini, mtutu unainama, na kwa mtu wa mkono wa kulia unaelekea kushoto. Hakuna kilichopinda kwenye chuma. Rafiki yako wa Glock anacheka kwa sababu silaha yake haina nyundo ya nje, triga yake ni ile ile kila mara, hajawahi kukutana na mtihani wako. Akianza kuringa, mkumbushe kwamba nyote wawili mnakula risasi ya aina moja.

Hata hivyo usiseme "kila". Magazini yako inachukua risasi 16. Pakiti ya 50 ni magazini tatu na risasi mbili za kusindikiza, kwa hiyo hiyo risasi ya kwanza umeipiga mara nne tu. Mara nne ni tetesi. Nataka uirudie, safari hii ukiwa umekaa, mikono imelala juu ya mfuko wa mchanga, mita 7, nyundo ikiwa nyuma kwa kila risasi. Piga tano, simama, kaiangalie karatasi, andika. Tano nyingine. Zikikusanyika mahali pamoja, hata kama si katikati, bastola ni nzima, na kilichobaki ni saiti, yaani vilengeo vya juu ya slaidi, au wewe. Zikitawanyika kama kuku walioona mwewe, mpe mkufunzi wa kiwanja apige tano zake kwa silaha hiyo hiyo. Zake zikikusanyika, unajua la kufanya na hasira zako.

Nyumbani fanyia mazoezi triga hiyo nzito bila risasi. Hakikisha ni tupu, mara mbili, na pakiti za risasi zifungie chumba kingine kabisa. Weka sarafu ya shilingi 50 juu ya slaidi, karibu na saiti ya mbele, elekeza mtutu kwenye ukuta wa tofali usio na mtu nyuma yake, vuta triga polepole mpaka nyundo idondoke. Sarafu isianguke. Siku tatu za kwanza utakuwa unaokota sarafu tu. Nunua risasi bandia za kuweka chemba wakati wa zoezi hili, maana kipini kinachoshikilia fairingipini, ile sindano inayogonga kitako cha risasi, kwenye 75 B kimewahi kukatika kwa watu waliofyatua chemba tupu maelfu ya mara.

Maganda kukwama mara tatu kati ya 50, hilo linanisumbua zaidi kuliko shibiri. Hukuandika ilikuwa risasi ya ngapi wala magazini ipi, na bila hayo hata mganga wa Sumbawanga hawezi kukusaidia. Omba rangi ya kucha ya mama watoto, andika 1 kwenye kitako cha magazini moja na 2 kwenye nyingine. Kila ikikwama, andika daftarini namba ya magazini na risasi ya ngapi. Balaa likimfuata namba 2 popote aendapo, mdomo wa magazini hiyo au springi yake ina kasoro, na hapo ndipo unapokwenda dukani kifua mbele. Likija mwishoni tu, risasi ya 40 na kuendelea, ni kifundo cha mkono kimechoka. Slaidi inahitaji ukuta wa kurudi nyuma dhidi yake, na ukuta huo ni mkono wako. Ukilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi, nguvu inapungua, ganda linatoka nusu na kubanwa. Mtu aliyezoea bunduki ya JKT, yenye kitako cha kukaa begani, hili halijui kabisa. Na kabla ya yote hayo, uliisafisha? Silaha mpya huja na mafuta ya kuhifadhia, mazito. Yafute mpaka kitambaa kitoke cheupe, paka mafuta mepesi ya silaha kidogo tu kwenye reli.

Kuhusu vidole kuteleza, ni kweli, wala si wewe peke yako. Kwenye CZ 75 slaidi inatembea ndani ya fremu, yaani kiunzi chenye mpini, si nje kama bastola nyingi, ndiyo maana sehemu ya kushika ni nyembamba. Usiivute kwa ncha za vidole. Isogeze karibu na kifua, mtutu ukiangalia tuta, funika nyuma ya slaidi kwa kiganja chote cha kushoto, halafu sukuma fremu mbele kwa mkono wa kulia. Sukuma, usivute.

Hukuniambia masikio uliziba na nini. Kama ni pamba, umeyaibia. Mlio wa hii kitu unapita desibeli 150. Sisi tulipiga masikio wazi kwa ujana, na leo mke wangu hukaa upande wangu wa kulia kanisani kwa sababu kushoto hasikiki. Nunua vizibo vya kufunika sikio lote, na miwani.

La nyuma ya mashine: hapana, hata kwa risasi moja. Kwanza ni kosa. Pili, wewe ni mtu wa mbao, unajua paini ilivyo laini. Ubao wa inchi moja hauisimamishi risasi hii, na gogo la mviringo likipigwa pembeni linaigeuza njia na kuituma usikokujua. Inaweza kusafiri karibu kilomita 2. Pima kilomita 2 kutoka mashine yako uone ni nyumba ngapi. Tuta la udongo la kiwanja ndilo lililojengwa kwa kazi hiyo.

Nenda tena na pakiti mbili, risasi za aina moja. Mimi silaha siiamini mpaka imekula risasi 200 bila kukwama, na sijali imetengenezwa wapi. Niandikie namba zako za daftari, nitazichapa hapa.

SWALI: Habari za huko, Afande. Marehemu mume wangu aliacha bastola kwenye droo ya kabati, ameondoka mwaka wa pili sasa. Iko ndani ya mfuko wake wa ngozi na imeota kutu. Mwanangu anataka kuisafisha na kuijaribu kama bado inafanya kazi. Leseni yake ipo, ina jina la baba yake.
— Mama wa Tukuyu

JIBU: Pole sana, Mama, Mungu amlaze pema.

Mwanao asiiguse. Leseni ya silaha ni ya mtu mmoja kwa jina lake, hairithiwi kama shamba la ndizi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 silaha ya marehemu inarudi polisi, na mrithi akiitaka anaomba upya kwa jina lake. Umechelewa, ndiyo, lakini anayekwenda mwenyewe na anayekutwa nayo hawapokelewi sawa.

Kutu hainishangazi. Rungwe mvua zenu mnazijua wenyewe, na mfuko wa ngozi unanyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma usiku na mchana. Silaha haikai ndani ya ngozi kabatini hata huku Iringa kwenye ukame. Lakini kutu ya nje unaiona. Ya ndani ya mtutu huioni, na mtutu uliolika au wenye kitu kilichoziba unaweza kupasuka mkononi mwa kijana wako. Tena hujui kama ina risasi chemba. Tuchukulie inayo.

Usiipakie kwenye daladala kuipeleka. Funga droo, ufunguo ukae kwako, nenda kituoni mikono mitupu na leseni, cheti cha kifo na kitambulisho chako, uwaombe waje kuichukua. Wakikupa hati ya kupokelea, isome hapo hapo namba iliyoandikwa kama inafanana na iliyo kwenye leseni, halafu iweke pamoja na karatasi za mirathi.