Usitoe kilemba cha fremu kabla hujaonana na mwenye nyumba

Simamisha malipo ya kilemba leo. Umeuliza kama umpe mpangaji anayehama fremu (chumba cha duka) ya Mbuyuni, Moshi, kilemba cha milioni nne, yaani malipo ya kumfanya akuachie fremu hiyo. Nakujibu hivi kwa kuwa kilemba ndicho kilichonifilisi.

Nilipotafuta fremu karibu na soko la Kilombero, Arusha, dalali alinipeleka kwa mpangaji aliyetaka milioni tatu na nusu, akidai kwamba ni fidia ya vigae, rafu na mlango wa chuma alivyoweka mwenyewe, na kwamba mwenye nyumba ni mzee asiye na neno. Tuliandikiana kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mauzo, tukabandika dole gumba kwa wino wa bluu, na dalali akasaini kama shahidi huku akihesabu chake, yaani kodi ya mwezi mmoja. Hakuna aliyenieleza kwamba mkataba wa yule bwana ulibakiza wiki saba, wala kwamba ulimkataza kumwachia mtu mwingine fremu bila idhini ya maandishi. Wiki ya nane nilikuta kufuli jipya mlangoni. Mzee asiye na neno alikuwa na maneno mengi siku hiyo, na yote ya haki: hanijui, hakupokea kilemba, na vigae ni mali ya nyumba. Dalali alinijibu kwamba kazi yake ilikuwa kunionyesha fremu, nami nakiri kwamba aliionyesha vizuri sana.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, keti na mwenye nyumba mwenyewe, usome mkataba wa anayehama hadi tarehe ya mwisho, kisha uandikiwe mkataba mpya kwa jina lako. Nyumba ikiwa ya urithi, dai kuona barua ya usimamizi wa mirathi. Mkataba huo ulipiwe ushuru wa stempu, maana bila huo mahakama haiupokei kama ushahidi. Kuhusu kodi ya pango, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 10 unayopaswa kuikata katika pango hilo na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato; ijadilini mapema.

Ukiambiwa mwenye nyumba yuko Dar na hapatikani, jibu kwamba utamsubiri. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, kumbe mzee anakaa Sakina, safari ya daladala moja.