Kundi letu la wahitimu limebaki la michango tu

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nilihitimu shahada ya ualimu wa Kiswahili mwaka 2017 katika chuo kikuu kimoja cha hapa Uganda. Sasa ninafundisha katika shule ya sekondari karibu na Mbale, ambako mwalimu wa Kiswahili ni mimi peke yangu. Tulipomaliza masomo tulifungua kundi la WhatsApp, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na katiba ikaandikwa. Leo tumo zaidi ya 90, lakini kinachopita humo ni michango ya harusi na rambirambi tu, na wenzetu ambao hawajapata kazi wamenyamaza au wamejitoa. Tufanye nini ili wahitimu wa programu yetu, pamoja na waliotufuata, wasaidiane kwa kweli?

Mwalimu, Mbale

JIBU

Mwalimu, nashukuru kwa barua yako. Jambo lililonigusa zaidi ni lile ulilolipitia haraka, kwamba katika shule yako mwalimu wa Kiswahili ni wewe peke yako. Naamini jumuiya mnayoitafuta ianzie hapo, kabla ya katiba na kabla ya mfuko.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu hawakuongezeka kwa kasi ya maamuzi hayo, kwa hiyo wahitimu kama ninyi wametawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, kila mmoja akiandaa azimio la kazi, andalio la somo na mtihani bila mwenzake wa kuvipitia kabla hajaingia darasani. Mwalimu wa namna hii anahitaji mtu wa kumuuliza Jumapili usiku jinsi ya kufundisha upatanisho wa ngeli katika darasa ambalo nusu yake wamekua na Lumasaba, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, na nusu nyingine wamekua na Ateso, ambayo si ya Kibantu. Swali hilo walimu wenzako wa hesabu na jiografia hawawezi kukujibu, hata wakikupenda namna gani.

Kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kuna vyama vinavyoitwa engozi, yaani machela. Mgonjwa alipozidiwa, wanakijiji walimbeba kwa zamu kumshusha milimani hadi hospitali. Vingi kati ya vyama hivyo baadaye viliongeza akiba na mikopo, lakini msingi wake ulikuwa bega, na asiye na shilingi aliweza kulitoa bega lake kama mwingine yeyote. Kundi lenu lilipata mfuko kabla ya kupata bega.

Hapo ndipo ninapowaona wenzenu walionyamaza. Orodha ya waliochangia, inayobandikwa upya kila mtu anapotuma pesa kwa simu, humwumbua hata yule ambaye jina lake halimo. Ninakuomba sana mkomeshe desturi hiyo. Michango ihamie kwenye kundi lake la pembeni, anayetaka aingie, na mweka hazina atangaze jumla bila majina. Kisha ninyi mlioajiriwa muwatafute wasio na kazi mmoja mmoja, kwa kuwapigia simu, kwa sababu aliyejitoa kwa aibu harudi kwa tangazo. Shule nyingi huajiri walimu wanaolipwa na shule yenyewe, na nafasi hizo mara nyingi hujulikana katika chumba cha walimu kabla ya kujulikana kwingine. Aliye ndani ndiye wa kwanza kumwambia mwenzake, na ndiye anayeweza kumweleza mwalimu mkuu kwamba anamfahamu mtu huyo tangu darasani.

Kuhusu waliowafuata, mlango wenu ni mazoezi ya kufundisha. Kila mwanafunzi wa programu hupelekwa katika shule fulani, mara nyingi asikomfahamu mtu. Iombeni idara iwajulishe wanafunzi hao kwamba mhitimu yupo Mbale, mwingine Soroti, mwingine Gulu, na kwamba wako tayari kuwapokea, kuwatafutia chumba cha bei nafuu na kuketi nyuma ya darasa wakati wa somo la kwanza. Msiombe mpewe orodha ya simu za wanafunzi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mwenye taarifa. Toeni namba zenu, wao ndio wawatafute. Aliyepokelewa hivyo ataingia katika jumuiya yenu kabla hata ya mahafali yake.

Viongozi mlio nao wanatosha, na katiba ibaki ilivyo.

Usingoje mkutano. Chagua wahitimu watatu walio karibu nawe, Tororo, Kapchorwa au Kumi, na wiki hii mwandikie kila mmoja peke yake: «Mwalimu, unafundisha mada gani sasa, na umekwama wapi?» Mmoja akijibu, mtumie andalio lako la somo hilo jioni hiyo hiyo, hata kama halijakamilika.