Sauti inavuma kwenye mahojiano ya ukumbini

Umeuliza kwa nini, mhakiki wa sanaa anapomhoji msanii mbele ya kazi zake kwa kipindi cha kusikiliza, msanii anasikika kama yuko ndani ya pipa. Kosa ni la kuta tupu na sakafu ya saruji, si la kinasa sauti. Mbandikie kila mmoja wao maikrofoni ya kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, kila moja irekodiwe kwenye njia yake, na sauti ya juu kabisa isipite -12 dB kwenye kipimo cha kinasa sauti. Kama kazi ya sanaa yenyewe ina feni au projekta, rekodi mvumo wake peke yake dakika 1; utaziba nao mikato unapohariri. Ila kinachoharibu zaidi ni msanii kuonyesha kwa kidole akisema "hii hapa, iliyoegemea ile". Msikilizaji haoni kidole! Mhakiki adakie papo hapo: "Unamaanisha kile kiti cha chuma?"