Maswali ya Wasomaji: Graniti Ilibanwa Kabla au Baada ya Kuganda?

SWALI: Katika mwamba wa graniti nimeona fuwele kubwa za felspa (madini meupe au ya waridi yaliyo mengi katika graniti) zimelala zote upande mmoja, kana kwamba zimepangwa. Mtu mmoja ameniambia kuwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, ilitiririka. Mwingine anasisitiza kuwa mwamba ulibanwa ukiwa umekwisha kuwa mgumu. Nitajuaje ni yupi aliye sahihi?

JIBU: Huenda wote wawili wana haki, kwa kuwa mwamba mmoja huweza kupitia hali zote mbili. Mpangilio peke yake hauamui neno. Yafaa kukata kipande chembamba, kukisugua hadi kibakie na unene wa milimita 0.03, kisha kukitazama kwa hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana.

Magma ya graniti haigandi kwa mkupuo. Fuwele huota kidogo kidogo ndani ya uji wa moto, na uji huo ukiwa bado mwingi, felspa huzunguka na kulala sambamba pasipo kujeruhiwa, mithili ya magogo yanayochukuliwa na mto. Kwa hadubini utaona kingo zake zimenyooka, na kwatzi (madini magumu yanayofanana na kioo) iliyojaza nafasi baina yake, ambayo kwa kawaida huchelewa kuganda, haina dalili ya kupindwa. Hapo aliyetaja mtiririko ndiye aliyepatia.

Hatua inayonivutia zaidi hufuata, pale fuwele zinapokuwa zimegusana na kufanya kiunzi, huku uji uliosalia ukiwa robo hivi ya ujazo wote au pungufu. Sasa nguvu hupita katika fuwele zenyewe na kuzipasua, na uji wa mwisho hunyonywa ndani ya nyufa, ukaganda humo humo. Mwaka 1992 mwanajiolojia Jean-Luc Bouchez na wenzake walizieleza nyufa za namna hii kuwa ni ushahidi kwamba mwamba ulikuwa ukibanwa kabla uji haujakwisha. Alama yake ni ufa unaokoma ukingoni mwa felspa, wenye kwatzi na felspa changa ndani yake, na ujazo huo ukiungana moja kwa moja na madini yaliyo nje ya fuwele. Ufa uliokatiza fuwele nyingi mfululizo ni jambo jingine: huo hujazwa baadaye na maji ya moto yenye silika (kemikali inayounda kwatzi), na umewahi kuwapotosha wengi.

Kwatzi nayo huweza kugawanyika ndani katika vijisehemu vya mraba, kama ubao wa sataranji. Hilo hutokea katika joto kali, lililo karibu na lile ambalo graniti yenye maji humalizia kuganda, yaani nyuzi 650 hadi 700 za selsiasi. Kwa hiyo linaweza kuwa la kabla au la muda mfupi baada ya kuganda, nami nisingelitegemea peke yake.

Mwamba ukibanwa ukiwa yabisi, kwatzi huvutika kuwa tepe au kugeuka punje ndogondogo, ulanga (madini ya tabaka nyembamba zinazong'aa) hukunjika, na felspa huzungukwa na vumbi la punje zake yenyewe. Dalili hizi zikizidi hufuta zile za mwanzo, hivyo kuziona hakuthibitishi kwamba magma haikutiririka. Kabla ya kwenda maabara, basi, chukua kioo cha kukuza uitazame kwatzi kwanza, wala si felspa: ikiwa ni mabonge yasiyo na mwelekeo katikati ya felspa zilizopangika, anza kwa kushuku mtiririko wa magma.