Wagane na Sauti za Usiku: Maswali Yenu Nayajibu

Mwezi uliopita niliandika juu ya eda, na barua nyingi zilizonirudia zimetoka kwa wanaume. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa hapa kwetu Mombasa hukaa eda miezi minne na siku kumi, majirani wanaingia na kutoka, na mtu wa kulala naye hakosekani. Mwanamume akifiwa, matanga yakishaanuliwa huambiwa ajikaze, akarudi bandarini au dukani, na jioni akafungua mwenyewe mlango wa nyumba yenye giza. Huko ndani ndiko yanakotokea haya mliyoniandikia. Barua nimezifupisha, na mengine ya kuwatambulisha nimeyaficha.

Mke wangu alifariki mwezi wa nne. Usiku namsikia akiniita kwa jina la utani alilonipa, ananiambia nimfuate, huko aliko ni raha. Juzi nilijikuta nje barabarani saa tisa usiku, sina viatu. Niko Changamwe.

Ndugu yangu, naanza nawe kwa sababu jibu lako halingoji. Leo hii, kabla ya magharibi, mwite mtu mzima mmoja unayemwamini umwambie maneno haya haya uliyoniandikia, usipunguze hata moja. Asikuache ulale peke yako. Piga 1199, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Na kwa kuwa uko Changamwe, hospitali ya Port Reitz iko karibu nawe na ina huduma ya afya ya akili. Usiende peke yako. Kumsikia marehemu huwapata watu wengi na peke yake si ugonjwa, lakini sauti inayokuamuru umfuate ni jambo la kutibiwa upesi, na hutibika. Ukishafika huko, niandikie.

Shikamoo mama. Mke wangu alijifungulia nyumbani, Likoni, usiku. Mtoto alitoka salama lakini damu haikukatika. Mamangu akasema ni damu ya kawaida, tungoje kukuche. Nikangoja. Tulipopata tuktuk tukaingoja feri, tukavuka, na hospitalini damu ya kumwongezea ikawa bado inatafutwa. Hakufika saa nne asubuhi. Sasa ni mwaka na miezi miwili. Usiku nasikia ndara zake ukumbini, kisha namsikia chumbani akimbembeleza mtoto kwa nyimbo. Mtoto nimempeleka kwa bibi yake Msambweni kwa hofu. Je, amenirudia kwa sababu mimi ndimi niliyemuua?

Marahaba mwanangu. Hukumuua. Lakini sitaki kukuvisha kilemba cha ukoka, kwa hiyo nivumilie tuupitie usiku ule polepole.

Nimefanya kazi wodi ya uzazi miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi, hapa Kenya na duniani. Mwanamke mzima kabisa, aliyekuwa akicheka magharibi, aweza kuisha ndani ya saa mbili. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba vifo hivi hupitia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa mkishafika. Uniandikiapo, unazungumza kana kwamba palikuwa na kuchelewa kumoja tu, kwako wewe. Soma tena barua yako. Feri hukuiendesha wewe. Damu iliyokuwa ikitafutwa hukuificha wewe. Yote matatu yalimkuta mkeo asubuhi moja.

Huko kuchelewa kwa kwanza, ndiyo, una sehemu yako. Uliona damu, ukangoja. Lakini ulingoja kwa neno la mama aliyezaa na kuzalisha, naye alisema alichokijua. Je, kuna aliyewahi kukukalisha kliniki akakwambia kwamba kitambaa kizima kikilowa ndani ya saa moja, hiyo si damu ya kawaida, ni ya kukimbia nayo? Wanaume huachwa nje kwenye benchi, kisha usiku ule ule wanatakiwa wajue. Nawaomba wasomaji wenye wake wajawazito waishike alama hiyo leo, na namba ya mwenye tuktuk au bodaboda wawe nayo kwenye simu kabla uchungu haujaanza.

Sasa sauti. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, W. Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293. Karibu nusu yao walikuwa wamehisi marehemu yupo nao, wengine wamemwona, wengine wamemsikia. Walio wengi hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, kwa kuogopa kuchekwa. Hawakuwa wendawazimu. Mtu uliyeishi naye, masikio yako yameshajifunza hatua zake, na usiku nyumba ikitulia yanazitafuta. Masheikh wetu nao wanafundisha kwamba roho ya maiti iko barzakhi, huko inakongojea Kiyama, haizunguki ukumbini kudai.

Na hebu sikiliza unachokisikia. Hakulaumu. Hakuulizi ulikuwa wapi. Anambembeleza mtoto. Lawama umeiweka wewe juu ya wimbo, kwa sababu usiku na mchana unaibeba moyoni, na hujaitamka mbele ya mtu anayestahili kuisikia. Mtu huyo ni mama mkwe wako. Nenda Msambweni, kaa naye, mweleze usiku ule ulivyokuwa, sehemu yako uiite yako, umwombe radhi. Huenda akalia, huenda akakasirika. Vumilia. Mamako usimtie lawamani mbele yake, naye ana usiku wake anaoukumbuka.

Kisha mchukue mtoto, kama si siku hiyo basi kwa mpango mliopatana. Umempoteza mke, na kwa hofu unampoteza na binti. Mtume ameusia kwamba mja akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea dua. Wa kumwombea mkeo yuko Msambweni, na bado hajui mamake alikuwa anaimba wimbo gani. Wewe unaujua, unausikia kila usiku. Mwimbie.

Ikiwa baada ya hayo bado huli, hulali, kazi imekushinda, mtafute mshauri nasaha. Huzuni iliyopita mwaka huku inazidi kukaza badala ya kulegea, madaktari wanaitambua na wanaitibu.

Mke wangu ana mwaka kaburini. Nikilala chali anakuja kunikalia kifuani, namwona kabisa, siwezi kusogea wala kupiga kelele. Ni mlinzi wa usiku Kisauni, muguka ndio unaoniweka macho.

Hilo ni jinamizi, na halina uhusiano na marehemu ingawa limevaa sura yake. Katika usingizi wa ndoto mwili hufunga misuli ili usiinuke ukatenda unayoyaota. Wakati mwingine akili huamka kwanza na mwili unachelewa kidogo; hapo ndoto inaendelea macho yakiwa wazi, kifua kinahisi kubanwa, na huzuni yako inachagua nani awe amekikalia. Hupita kwa sekunde au dakika chache. Likikushika, usipigane na mwili mzima, jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu. Lala ubavu. Muguka uache, au angalau usiutafune katika saa za mwisho za zamu: unakunyima usingizi, na usingizi wa mkato ndio unaoliita jinamizi. Kaunti yetu iliupiga marufuku Mei 2024, kukazuka mabishano mpaka mahakamani, na naona uchungu kwamba katika kelele zile zote walinzi na madereva wanaoutafuna ili wapate riziki hawakuulizwa wanalalaje.

Mganga amesema roho ya mke wangu haitatulia mpaka nitoe shilingi 45,000, mbuzi mweusi na kitambaa. Amenitajia na aliyemroga: bibi kizee jirani yetu. Nifanyeje?

Usitoe hata shilingi, na jina hilo usilirudie kwa mtu. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa maneno kama hayo, wengine na wajukuu zao wenyewe. Kutaja jina la mtu mbele ya vijana wenye uchungu ni kutupa kiberiti kwenye paa la makuti. Nenda kamwamkie bibi huyo kesho asubuhi, watoto wako wakuone. Ukitaka kumfanyia marehemu kitu, soma hitma na jamaa zako, au ukiwa Mkristo mwombe padri Misa kwa ajili yake. Pesa hizo ziwe karo.

Babangu ana miaka 78, anaishi Mji wa Kale. Jioni humwona marehemu mama ameketi mkekani, kimya, na kanga yake ya rangi kali. Hamwogopi. Anasema amekuja kwa kuwa alimnunia wiki ile aliyokufa. Macho yake yana mtoto wa jicho.

Mpeleke kliniki ya macho. Mtu mwenye akili zake timamu ambaye macho yamefifia aweza kuona watu wasiokuwepo, aghalabu kimya, aghalabu mwanga unapopungua, na nguo zao zikiwa zimekolea rangi. Charles Bonnet wa Uswisi aliyaandika hayo mwaka 1760 baada ya babu yake mwenye mtoto wa jicho kumweleza anayoyaona. Washa taa mapema jioni, na umwambie apepese macho au ageuze kichwa. Mara nyingi picha huondoka. Lakini akianza kuchanganya siku na majina ghafla, au ana homa, au mkojo unamuuma, usingoje miadi ya macho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na lile la kununa, mwache alizungumze. Usimkatize kwa "yashapita hayo baba". Yeye hayajampita.

Nimeoa tena, mwezi wa tano huu. Mke wangu mpya anasema marehemu yumo jikoni, vyombo vinasikika usiku. Mimi sisikii kitu.

Nyumba yenu umesema ni ya mawe na boriti za zamani. Boriti hulia usiku hewa ikipoa, na darini hamkosi popo au paka. Hayo yaangalie kwanza. Lakini nina swali: kanga za marehemu bado ziko kabatini? Mbuzi ya kukunia nazi ni ile ile, pahali pale pale? Umemwingiza mwanamke katika jiko la mwenzake na kumwambia asiguse. Waulize watoto wanataka kubaki na nini cha mama yao, vilivyobaki vitoe sadaka kwa jina lake, kisha mkeo apange jiko anavyotaka yeye, huku wewe umeshika ndoo ya rangi.

Asalaam aleikum. Mke wangu akiwa mgonjwa, niliuza bangili zake nne na mkufu kwa siri nilipe deni la duka. Akaniuliza, nikasema zimeibwa. Msichana wa kazi akafukuzwa kwa wizi huo, akarudi kwao Kinango. Mke wangu alifariki akiamini hivyo. Mahari yake pia nilibakisha nusu. Sasa kila alfajiri nasikia bangili zikigongana. Dada zake wanadai dhahabu. Tuna wana wawili na binti mmoja, mamake yu hai, babake alishatangulia.

Waaleikum salaam. Wengi walioniandikia wanabeba hatia isiyokuwa yao. Yako ni yako, na nakuheshimu kwa kuiandika yote bila kujitetea.

Dhahabu ya mke ni mali yake peke yake, hata ikiwa ni wewe uliyemnunulia. Mahari iliyobaki ni deni lake juu yako, na mauti hayakulifuta. Vyote viwili vinaingia katika urithi wake. Kwa kuwa ameacha watoto, fungu lako wewe ni robo, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 12, na mamake ana sudusi, yaani sehemu moja kati ya sita. Kilichosalia ni cha watoto, kila mwana mafungu mawili ya binti. Dada zake hawarithi hapo kwa sababu kuna wana, lakini wanapokuuliza iko wapi dhahabu wana haki ya kujibiwa ukweli. Nenda kwa Kadhi na hesabu yako: uzito wa bangili na mkufu, na mahari iliyobaki. Yeye atakuongoza kama utarudisha dhahabu kwa uzito ule ule au thamani yake. Ikiwa huna kwa mkupuo, omba ulipe kwa mafungu, yaandikwe. Waambie watoto wako mwenyewe kabla hawajasikia kwa mashangazi zao.

Mlio wa bangili sikuahidi kwamba utakoma ukishalipa. Huenda ukakoma, huenda ukausikia mpaka uzeeni. Usilipe kwa ajili ya kuunyamazisha, lipa kwa kuwa unadaiwa.

Ila kabla ya Kadhi na kabla ya dada zake yuko msichana. Marehemu humfikii ila kwa dua. Huyu yu hai, ana jina la wizi kijijini kwao, na pengine amekosa kazi nyingine kwa ajili yako. Anadai mshahara wa mwezi aliofukuzwa, na anadai usafishe jina lake mbele ya wazazi wake, kwa mdomo wako, si kwa pesa za simu. Nenda na mtu mzima wa familia yako awe shahidi. Umeandika kwamba dadake bado anauza viazi karai pale Majengo. Anzia kwake, akuelekeze nyumba.